Kabla ya Bunduki Kuna Karatasi

Januari 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, kila kimbweta hapa chuoni kilikuwa na jenerali wake. Huyu anasema wanajeshi wa SADC wameishiwa nguvu, yule anasema Umoja wa Mataifa umelala, mwingine anachora ramani ya Kivu kwa kalamu nyuma ya handout. Swali lililokuwa likirudi ni moja: "Mbona 2013 JWTZ na wenzao waliwatimua hao hao M23, sasa hivi imekuwaje?"

Swali zuri sana. Majibu niliyoyasikia yalihusu silaha, droni, ujasiri na usaliti. Hakuna aliyetaja karatasi. Mimi nataka kuitetea karatasi.

Mwanajeshi anapovuka mpaka kwenda kufanya kazi nchi ya watu, habebi bunduki tu. Nyuma yake kuna maandishi yanayosema ameitwa na nani, afanye nini, asifanye nini, akae mpaka lini, nani amlipe, na akikosea ahukumiwe wapi. Maandishi hayo yakiwa wazi, kamanda anajua kazi yake na raia anajua adai nini. Yakiwa na maneno ya kukwepakwepa, kila upande unasoma inavyoupendeza, na gharama yake analipa askari aliye kwenye handaki pamoja na mama anayekimbia na godoro kichwani.

Sisemi karatasi ndiyo kila kitu. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza kwa kirefu jinsi Rwanda inavyoisaidia M23, jambo ambalo Kigali inalikana. Silaha zina neno lake na fedha zina neno lake. Lakini angalia mashariki mwa Congo: ndani ya miaka 12 eneo lile lile limepokea vikosi vitatu vyenye karatasi tatu tofauti, na kila kikosi kilifanya kile ambacho karatasi yake ilikiwezesha kufanya. Ni kama maabara. Tuzisome moja moja.

Karatasi ya kwanza: New York, 2013

Novemba 2012 M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza. Walinda amani wa MONUSCO walikuwepo mjini. Walikuwa na ruhusa ya kulinda raia na kulisaidia jeshi la Congo. Jeshi hilo lilipokimbia, walinda amani wakabaki wanatazama. Aibu ile ndiyo iliyozaa karatasi mpya.

Februari 2013 nchi 11, Tanzania ikiwemo, zilisaini Addis Ababa makubaliano ya mfumo wa amani, usalama na ushirikiano kwa Congo na ukanda mzima. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Machi, Baraza la Usalama likapitisha Azimio namba 2098. Azimio hili liliunda kikosi maalumu ndani ya MONUSCO, maarufu kama FIB, chenye batalioni tatu za askari wa miguu, kikosi cha mizinga na kikosi cha makomando na upelelezi, makao makuu yake Goma. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa.

Kilicholifanya azimio hilo liwe la pekee ni kitenzi chake. Maazimio ya kawaida ya ulinzi wa amani yanazungumza lugha ya kulinda, kusimamia na kusaidia. Hili lilikipa kikosi ruhusa ya kushambulia, peke yake au pamoja na jeshi la Congo, ili kuviondolea nguvu vikundi vyenye silaha. Baraza lenyewe lilijua limefanya jambo lisilo la kawaida, ndiyo maana likaandika kwamba hatua hiyo ni ya kipekee na haijengi utaratibu kwa misheni nyingine.

Matokeo yalionekana mwaka huo huo. Novemba 2013 M23 walitangaza kuacha vita. Ni kweli jeshi la Congo lilipigana vizuri kipindi kile, na mataifa makubwa yaliibana Kigali. Lakini kamanda wa FIB hakuhitaji kupiga simu kuuliza kama anaruhusiwa kufyatua kombora. Jibu lilikuwa limeshaandikwa.

Ruhusa hiyo ilikuwa na bei. Ukishaandikiwa kushambulia, adui hakuhesabu tena kama mpatanishi. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani pale Semuliki, karibu na Beni, ilivamiwa usiku na wapiganaji walioaminika kuwa wa ADF. Watanzania wasiopungua 14 waliuawa. Karatasi iliyo wazi haimlindi askari na risasi. Inahakikisha tu kwamba aliyemtuma alijua anampeleka kwenye nini.

Karatasi ya pili: Nairobi na Kinshasa, 2022

Miaka tisa baadaye M23 wamerudi. Congo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wakuu wa nchi wakakutana Nairobi na kukubaliana kupeleka kikosi cha Jumuiya. Septemba 2022 ukasainiwa Kinshasa mkataba wa hadhi ya majeshi kati ya Jumuiya na Serikali ya Congo. Wakenya wakatangulia kufika Goma Novemba, wakafuatiwa na Warundi, Waganda na askari wa Sudan Kusini. Sisi hatukupeleka kikosi katika misheni hii, ila ni mwanachama wa Jumuiya, kwa hiyo inatuhusu.

Hapa ndipo utamu wa somo ulipo. Kinshasa iliamini imeleta jeshi la kuwapiga M23. Makamanda wa kikosi waliamini wameletwa kusimama katikati, kusimamia M23 wakiondoka kwenye maeneo waliyoteka, huku wanasiasa wakizungumza. Pande mbili zilisaini kitu kimoja na kutoka na tafsiri mbili. Sisi wanafunzi wa ualimu tunaliita hili tatizo la lengo mahususi lisilopimika: ukiandika kwenye andalio la somo kwamba "mwanafunzi aelewe", kila mkaguzi atakuja na maana yake.

Februari 2023 wananchi wa Goma waliingia barabarani kukipinga kikosi kile. Mwezi huo huo Rais Tshisekedi alionekana akimkemea kamanda wa kikosi mbele ya watu, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi Bujumbura. Aprili kamanda huyo, Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, akaondoka akilalamikia vitisho dhidi ya usalama wake. Congo ikakataa kuongeza muda na Desemba 2023 kikosi kikafungasha virago. Kwa mtu wa Goma ilionekana Wakenya wamekuja kutalii. Mimi nadhani askari wale walionewa. Walitumwa na sentensi yenye tafsiri mbili, halafu wakalaumiwa kwa kufuata mojawapo.

Karatasi ya tatu: Dar es Salaam 2003, Windhoek 2023

Kikosi cha Jumuiya kikitoka mlango huu, cha SADC kinaingia mlango ule. Mwezi huo huo wa Desemba 2023 misheni ya SADC ilianza kuingia Congo, ikiundwa na askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Nchi zile zile tatu za 2013! Uamuzi ulikuwa umepitishwa Windhoek mwezi Mei, na msingi wake ni Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja wa SADC, uliosainiwa hapa hapa Dar es Salaam Agosti 2003.

Mkataba huo unasema shambulio la silaha dhidi ya mwanachama mmoja ni tishio kwa amani ya ukanda mzima, na litajibiwa mara moja kwa hatua ya pamoja. Kishindo kabisa. Ila ndani ya ibara hiyo hiyo ya 6 kuna kifungu kinachosema kila nchi itashiriki kwa namna itakayoona inafaa. Soma tena. Wajibu ni wa wote, kiasi anaamua kila mtu. Ni kama mchango wa harusi: kadi zimesambazwa kwa ukoo mzima, lakini siku ya kikao wanaofika ni watatu.

Na walikuwa watatu kweli. Kikosi hakikuwahi kufikia idadi iliyopangwa. Kwa maandishi, jukumu lilikuwa kuisaidia Congo kupambana na vikundi vyenye silaha na kurejesha amani, yaani karibu lile lile la FIB. Lakini FIB ilikuwa ndani ya Umoja wa Mataifa, ikiwa na helikopta, hospitali, mafuta na bajeti ya pamoja. Misheni ya SADC ilitegemea mifuko ya wanachama wake. Baraza la Usalama lilikuja kuiruhusu MONUSCO kuisaidia kikosi hicho Agosti 2024, karibu miezi minane baada ya askari kuanza kuingia, na msaada wenyewe ulikuwa na mipaka. Kwa hiyo kitenzi kilikuwa kikali, ila aya ya vifaa ilikuwa nyembamba. Kitenzi kikubwa na bajeti ndogo ni mtego.

Januari 2025 mtego ukafyatuka. Wanajeshi wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania waliuawa, wawili wakiwa wetu. Goma ikaanguka na vikosi vikabaki vimezingirwa kwenye kambi zao. Tarehe 13 Machi wakuu wa SADC wakasitisha misheni. Kumbuka hapo bado askari hawajatoka. Kutoka kwenyewe kulihitaji makubaliano mengine, safari hii na M23 wenyewe, na mwisho wa Aprili misafara ikaanza kupita ndani ya Rwanda kuelekea Chato. Jeshi lililokwenda kupambana na kikundi likalazimika kuelewana na kikundi hicho ili lirudi nyumbani. Nani alikuwa ameandika, kabla ya kuondoka, kwamba mambo yakiharibika tutatokaje?

Akikosea, anahukumiwa wapi?

Kuna kipengele kingine ambacho vimbwetani hakiguswi kabisa, nacho kinamgusa raia wa kule kuliko vyote. Katika misheni za Umoja wa Mataifa, mkataba wa hadhi ya majeshi unasema askari akitenda jinai, nchi aliyopo haina mamlaka ya kumshtaki. Nchi yake ndiyo itakayomshughulikia.

Sababu ipo na inaeleweka. Hakuna serikali itakayotoa vijana wake wakahukumiwe na mahakama za nchi iliyo vitani, pengine na majaji walioteuliwa jana. Lakini jiweke upande wa pili. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwarudisha nyumbani walinda amani 60 wa Tanzania kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, kufuatia tuhuma za unyanyasaji na unyonyaji wa kingono. Tuhuma ni tuhuma, sikusudii kumhukumu mtu hapa. Ninachouliza ni hiki: mwanamke wa kijijini kule, anayeongea Kisango, atafuatiliaje kesi yake Tanzania? Nani atamwambia imeanza, imeishia wapi, kuna fidia au hakuna? Mkataba umesema vizuri sana mahakama gani haina mamlaka. Haujasema kwa nguvu hiyo hiyo mlalamikaji atapata wapi haki.

Tunapenda kusema JWTZ ni jeshi la wananchi. Basi heshima ya jina hilo inalindwa na kipengele kama hiki kuliko inavyolindwa na gwaride.

"Hizo ni siri za jeshi, dogo"

Nikileta hoja hii napewa jibu moja, hata na watu wenye digrii: mambo ya jeshi ni siri. Nakubali nusu. Idadi ya risasi, njia ya doria, saa ya kubadilishana lindo, hayo ni siri na yabaki siri. Wengi wetu tumepita JKT kwa mujibu wa sheria, tunajua kwa nini mlinzi hatangazi anapolala.

Lakini jukumu la misheni, muda wake, gharama yake na mahakama itakayohusika si siri za vita. Azimio 2098 lipo wazi, mtu yeyote mwenye bando anaweza kulisoma, na M23 pia walikuwa wanaweza. Uwazi huo haukuizuia FIB kushinda. Malipo nayo yanajulikana: Umoja wa Mataifa huirejeshea serikali iliyotoa askari zaidi ya dola 1,400 kwa kila askari kwa mwezi, na vifaa vinahesabiwa pembeni. Kama New York wanaweza kuyaweka hayo mezani, kwetu tunaogopa nini?

Angalia majirani. Katiba ya Kenya, ibara ya 240, inataka idhini ya Bunge kabla majeshi hayajapelekwa nje kwa ajili ya amani. Ndiyo maana 2022 wabunge wao walikijadili kikosi cha Goma, na Wakenya wakajua kwamba miezi sita ya kwanza ingegharimu zaidi ya shilingi zao bilioni 4. Katiba ya Afrika Kusini, ibara ya 201, inamtaka Rais alieleze Bunge haraka mambo manne: sababu, mahali, idadi ya askari na muda. Manne tu. Yote yanatosha ukurasa mmoja.

Yetu je? Ibara ya 44 inashughulikia tangazo la vita, na inataka Bunge lihusishwe ndani ya siku 14. Lakini misheni kama ya Congo haitangazwi kuwa vita. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, ila ile tu ambayo kwa masharti yake yenyewe inahitaji kuridhiwa. Mikataba mingi ya hadhi ya majeshi huanza kazi pale inaposainiwa. Kwa hiyo askari wetu anaweza kwenda, akapigana, akafa na kuzikwa kwa heshima zote bila Katiba kumlazimisha mtu yeyote kusimama mbele ya wabunge na kueleza alitumwa kufanya nini.

Nitaambiwa mijadala ya Bunge itachelewesha maamuzi. Inawezekana. Wakuu wa SADC waliamua Mei 2023 na askari wakaanza kuingia Desemba. Miezi saba! Mjadala wa siku mbili Dodoma usingemchelewesha mtu. Pengine mbunge mmoja mkorofi angeuliza lile swali la mafuta, helikopta na njia ya kutokea.

Kwa hiyo tudai nini?

Nadai mambo matatu, na nayadai kwa sauti ya kawaida.

La kwanza, mambo manne ya Afrika Kusini yaingie kwenye sheria zetu, na niongeze la tano: mpango wa kutoka. Kila misheni ikipelekwa nje, Bunge lielezwe sababu, mahali, idadi, muda, na masharti ya kurudi. Mjadala wa Katiba mpya ukifufuka, hoja hii isisahauliwe kwa sababu haina kelele.

La pili, kila mkataba wa hadhi ya majeshi tunaosaini useme mlalamikaji wa nchi ile atapokelewa na nani, kwa lugha gani, na atapewa majibu ndani ya muda gani. Kesi ikisikilizwa huku, matokeo yapelekwe kule.

La tatu linatuhusu sisi. Wengi tunaosoma ukurasa huu tutakuwa walimu, hasa wa Historia, Uraia na Kiswahili. Tunafundisha Mkataba wa Berlin wa 1884 mpaka 1885 kwa mbwembwe zote, tunawaonyesha watoto jinsi karatasi iliyosainiwa mbali ilivyogawa ardhi ya watu ambao hawakuulizwa. Halafu somo linaishia hapo, kana kwamba karatasi ziliacha kufanya kazi baada ya Berlin. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kabisa kusoma aya mbili za Azimio 2098 na aya mbili za mkataba wa SADC, akaambiwa atafute vitenzi, aulize nani anatenda, kwa muda gani, kwa fedha ya nani. Hilo ni zoezi la ufahamu tu. Halihitaji vifaa vya maabara.

Na tuanze na sisi wenyewe. Kizazi chetu kimezoea kusaini bila kusoma; mkataba wa mkopo wa Bodi tunaukubali kwa kubonyeza tu, tukiwaza boom. Mkopo utakukata mshahara miaka kadhaa. Karatasi ya operesheni ya kijeshi inakata zaidi ya mshahara. Kuna familia Zanzibar na bara zilipokea majeneza kutoka Kivu, na sidhani kuna aliyewahi kuwaonyesha maneno yaliyompeleka kijana wao kule.

Mjadala wa Goma ukirudi, nao utarudi kwa sababu vita vile havijaisha, wale majenerali wa vimbwetani nawaomba kitu kimoja. Kabla ya kusema jeshi fulani ni shujaa au ni goigoi, uliza kwanza limeandikiwa nini.